KUJENGA UPYA UNYUMBA BAADA YA KUACHA DAWA ZA KULEVYA



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo wengi hulitaja kwa kunong'ona tu. Ni habari ya mume na mke kurudiana kimwili baada ya mmoja wao, au wote wawili, kuacha pombe au dawa za kulevya. Tunawaomba wazazi wausome kwanza wenyewe, kisha waamue ni sehemu gani wawasomee vijana wao wakubwa.

Kwa nini tuliongee jambo hili? Hapa Nduguti na vijiji vya jirani, mtu akiacha ulevi ndugu hufurahi sana. Jumuiya huja kumpongeza, na kila mmoja huona kazi imekwisha. Lakini baada ya wiki chache mke huja peke yake kwenye chumba cha wauguzi, anainamisha kichwa na kusema, "Nesi, tangu aache hanigusi kabisa." Au mume huja akisingizia kuumwa kichwa, na anapokuwa ameshashika mlango aondoke ndipo anasema lililomleta: "Zamani nilikuwa mwanaume. Sasa nimeacha, na mwili umenigomea."

Sisi wauguzi tunalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu moja kubwa. Aibu ya chumbani ni mojawapo ya milango ambayo mtu hupitia kurudia dawa alizokwisha kuziacha. Kwa hiyo tunataka familia zetu zijue neno hili tangu mwanzo: mwili hurudi kwa mwendo wake, na imani kati ya mume na mke hurudi kwa mwendo wake. Mara nyingi haviwasili siku moja. Wanandoa wanaojua hivyo husubiriana. Wasiojua hushtakiana.

NI DAWA ZIPI TUNAZOZISEMA?

Kwetu vijijini adui wa kwanza ni pombe, za kienyeji na gongo, na baada yake bangi. Mirungi nayo husafirishwa na kutafunwa, hasa na watu wa safari za usiku. Heroini, ile ambayo vijana huiita unga, iliingia nchini kwetu kupitia pwani na miji mikubwa, na kwetu huja na mtu aliyekwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au Zanzibar, kisha ndugu wakamrudisha nyumbani akiwa mgonjwa. Kila moja huharibu unyumba kwa namna yake.

NINI HUTOKEA MWILINI?

Heroini. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo ambayo hutuma amri kwa korodani za mwanaume na kwa vifuko vya mayai vya mwanamke. Heroini huzinyamazisha amri hizo. Homoni ya kiume iitwayo testosteroni hupungua, hamu hufifia, na uume hushindwa kusimama vizuri. Kwa mwanamke hedhi huweza kukoma kwa miezi mingi. Aidha, heroini huchelewesha mbegu kutoka, na wanaume wengine huipenda kwa ajili hiyo, wakidhani ni nguvu. Mtu akiacha, kwanza hupita siku za arosto, yaani maumivu ya viungo, kuharisha, jasho na kukosa usingizi. Kisha huja kipindi ambacho mbegu humtoka mapema sana, hata kabla ya tendo lenyewe kuanza, au usingizini. Si ugonjwa mpya. Ni mishipa ya fahamu iliyokuwa imelazwa, sasa inaamka kwa pupa, na kwa kawaida hutulia kadiri wiki zinavyopita. Homoni nazo kwa wengi huanza kupanda tena katika wiki na miezi ya kwanza.

Pombe. Kikombe kimoja huondoa haya, lakini ulevi wa miaka huharibu mishipa ya fahamu inayopeleka habari kwenye viungo vya uzazi, huumiza ini, na hupunguza homoni ya kiume. Wengi hupata nafuu baada ya miezi kadhaa bila pombe. Waliokunywa kwa miaka mingi sana, au ini likaharibika, huenda wasirudi kama zamani, nao waje hospitali wapate msaada. Angalizo: mtu anayekunywa sana kila siku, ambaye mikono hutetemeka asubuhi kabla hajapata pombe, asiache kwa ghafla akiwa peke yake nyumbani. Anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa katika siku tatu za kwanza, na wengine hufa. Aletwe hospitali aache akiwa chini ya uangalizi.

Bangi. Mtumiaji wa kila siku anapoacha hupata hasira za haraka, ndoto mbaya na kukosa usingizi, hasa wiki mbili za mwanzo. Huo si wakati wa kumdai mapenzi. Bangi pia huweza kupunguza mbegu za kiume, na wanandoa wanaotafuta mtoto walijue hilo.

Mirungi na kokeini. Hizi huchangamsha. Mwanzoni mtu huona hamu imezidi, lakini kadiri anavyoendelea nguvu humwishia. Akiacha, huingia katika uchovu mkubwa. Hali chakula kwa furaha, hacheki, wala hatamani mke.

Sigara nayo tusiisahau. Hubana mishipa midogo ya damu, na uume husimama kwa nguvu ya damu. Aliyeacha unga akabaki na pakiti ya sigara kila siku bado anajizuia mwenyewe kupona.

KWA NINI FURAHA HUCHELEWA?

Ubongo una kemikali iitwayo dopamini. Kwa kawaida hupanda kidogo tunapofanya mambo mema ya maisha: kula tukiwa na njaa, kumwona mtoto akitembea, kukumbatiwa na mwenzi. Dawa za kulevya huimwaga nyingi kupita kiasi. Ubongo hujikinga kwa kupunguza sehemu zake za kuipokea, kama mtu anayeziba masikio kwa sababu ya kelele. Dawa zikiondoka, masikio bado yameziba. Hapo hata mke mpendwa akilala kando, mume huona kama ameketi na jirani. Hajaacha kumpenda. Ubongo wake haujaanza kusikia vizuri. Kwa wengine hali hiyo huchukua wiki, kwa wengine miezi, na kwa aliyetumia miaka mingi huweza kupita mwaka.

MANENO YASIYO YA KWELI

"Amerogwa." Mume aliyekuwa na nguvu akiwa mlevi na akazikosa baada ya kuacha, ndugu hutafuta mchawi. Fedha za alizeti au za vitunguu huishia kwa mganga. Tumekwisha kueleza sababu, na zote zimo mwilini.

"Ana mwanamke mwingine." Inawezekana kwa mtu yeyote, lakini kukosa hamu baada ya kuacha dawa si ushahidi wa jambo hilo. Mke asimhukumu mume kwa dalili ambayo hospitali inaijua.

"Anywe dawa ya nguvu." Minadani na mijini huuzwa unga, mizizi na vidonge vya kuongeza nguvu za kiume. Unga na mizizi hiyo haina kipimo, na hakuna ajuaye kilichochanganywa humo. Vidonge vya hospitali vipo, kama vile sildenafili, lakini ni vya kuandikiwa na daktari. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akivimeza, shinikizo la damu huweza kushuka ghafla akafa. Tena, mtu aliyeanza kuacha kutegemea dawa moja tusimfundishe kutegemea nyingine.

"Tumwoze atulie." Hili linatuumiza sana. Kijana amerudi kutoka mjini, ana mwezi mmoja tu tangu aache, na wazee wanatafuta ng'ombe wa mahari wakiamini mke atamtuliza. Binti wa watu huingia nyumbani bila kuambiwa chochote. Mwili wa kijana haujarudi, vipimo havijafanyika, naye anadaiwa kuwa mume. Akishindwa huona aibu, na dawa ya aibu anaijua moja tu. Wazazi, mpeni kijana muda mrefu wa kusimama mwenyewe. Uchumba ukifika, binti na wazazi wake waambiwe ukweli wote kabla mahari haijapokewa, na wote wawili wapime kabla ya tangazo la ndoa.

METHADONI NA UNYUMBA

Kwa waraibu wa heroini ipo tiba iitwayo methadoni. Ni dawa ya kunywa, hutolewa bila malipo, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuitoa mwezi Februari 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoa mingine kama Mbeya na Mwanza. Dodoma inatolewa katika kituo cha Itega kilicho chini ya Hospitali ya Mirembe.

Kutoka kwetu hadi Dodoma ni zaidi ya kilometa 200. Kwa hiyo mtu wa Nduguti anayeanza methadoni huko hulazimika kuhamia mjini kwa muda, na mwenzi akabaki na watoto na shamba. Kabla ya safari hiyo wanandoa wapange pamoja: nani atamkaribisha, watawasiliana kwa simu siku zipi, na mke atakwenda lini kumsalimu. Mahali palipo na kimya kirefu, shaka huota haraka.

Methadoni nayo ni ya jamii moja na heroini, na baadhi ya wanaoitumia huona hamu imepungua au mbegu zinachelewa. Tafadhali, mume asiache methadoni kwa sababu hiyo, wala mke asimshauri aache. Anayeiacha ghafla yuko karibu sana na kurudia unga. Amweleze daktari wa kliniki bila haya. Daktari anaweza kupima homoni, kuangalia kipimo cha dawa, na kutafuta sababu nyingine kama kisukari, shinikizo la damu, sonona, au dawa za magonjwa hayo.

VIPIMO KWANZA

Aliyejidunga sindano, aliyelala na watu wengine wakati wa ulevi, au asiyekumbuka alifanya nini, ana deni la kwanza kwa mwenzi wake: kupima kabla ya kurudi kitandani. Waje wote wawili siku moja, kusudi pasiwe na wa kumnyooshea mwenziwe kidole.

Vipimo vya kuomba ni VVU, homa ya ini aina ya B na C, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa, na uchunguzi wa kifua kikuu. Kipimo cha VVU hurudiwa miezi mitatu baada ya tukio la mwisho la hatari, kwa kuwa maambukizi mapya huweza yasionekane mara ya kwanza. Kungojea miezi hiyo bila tendo la ndoa si adhabu. Kama tutakavyoona, muda huo una kazi nyingine nzuri.

Majibu yakiwa mabaya, ndoa haijafa. Kaswende hutibiwa kwa sindano za penisilini. Homa ya ini B ina chanjo ya kumkinga mwenzi ambaye bado hajaambukizwa, na ile ya C siku hizi ina vidonge vya kuiponya. VVU ina dawa za kila siku. Mtu anayezimeza sawasawa, na vipimo vikaendelea kuonyesha kwamba virusi havionekani kwa miezi sita au zaidi, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya tendo la ndoa. Mpaka afike hapo, wanandoa waje pamoja tuwaeleze njia zote za kinga zilizopo. Wakiwa na maswali ya dhamiri, paroko yupo.

WOGA WA YULE ALIYEBAKI NYUMBANI

Tumesema sana juu ya mwili wa aliyeacha. Lakini kitanda kina watu wawili. Mwenzi aliyebaki nyumbani amebeba mengi: mabati yaliyong'olewa yakauzwa, mbuzi waliopotea, ada ya shule iliyonywewa, usiku wa kupigwa, na pengine fununu za wanawake wengine. Mume akija sasa akiwa safi, amenyoa na anatabasamu, mwili wa mke haufunguki kwa siku moja. Wengine hukakamaa wakiguswa bega tu. Wengine hukubali kwa hofu, wakingoja kuche. Hiyo si kiburi. Mwili umejifunza kuogopa, na utajifunza kutoogopa polepole.

Hapa baadhi ya waume hutaja Maandiko kwamba mke hana haki ya kumnyima mume. Tuwakumbushe mambo mawili. Kwanza, Mtume Paulo katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 7, aliwapa wajibu huo wote wawili, na aliruhusu kuachana kwa muda kwa mapatano. Pili, Papa Paulo wa Sita katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968 alifundisha wazi kwamba tendo la ndoa analolazimishwa mwenzi, bila kujali hali yake na matakwa yake ya haki, si tendo la kweli la upendo. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mume wala mke haki ya kumpiga mwenziwe. Mwanamke ambaye bado anapigwa asiambiwe avumilie kwa sababu mume ameacha pombe. Aje hospitali, aende kwa viongozi wa jumuiya, na katika dawati la jinsia la polisi.

NJIA YA KURUDI, HATUA KWA HATUA

1. Patana muda wa kupumzika. Wanandoa wakubaliane kwa maneno, si kwa kununiana, kwamba kwa wiki kadhaa, au mpaka vipimo vikamilike, hakutakuwa na tendo la ndoa. Mapatano haya huondoa mtihani wa kila usiku. Wataalamu wawili wa Marekani, Masters na Johnson, katika kitabu chao cha mwaka 1970, waliwashauri wanandoa wenye shida chumbani waache kwanza tendo lenyewe na kuanza na kugusana kwa upole tu. Ushauri huo bado unatumika hospitalini hadi leo.

2. Rudisha urafiki kwanza. Kuleni pamoja. Mume achote maji au apasue kuni bila kuombwa. Fedha za mauzo zihesabiwe mezani mbele ya mke. Ahadi ziwe ndogo na zitimizwe: akisema atarudi saa kumi na mbili jioni, saa hiyo awe mlangoni. Mke aliyeona jioni sitini za ahadi iliyotimizwa ana sababu ya kuamini. Hotuba moja ndefu ya toba haiwezi kufanya kazi hiyo.

3. Semeni ukweli kwa maneno mafupi. Mume anaweza kusema, "Mama watoto, mwili wangu bado haujarudi. Sijakuchoka." Mke anaweza kujibu, "Baba watoto, nafurahi umeacha, lakini bado naogopa. Usinikasirikie nikikwambia bado." Maneno haya yasemwe mchana, mkiwa mmevaa nguo zenu na watoto wametoka. Usiku kitandani si wakati wake.

4. Anzeni kugusana bila kudai zaidi. Kushikana mikono, kusuguana mgongo uliochoka kwa jembe, kulala mmekumbatiana. Yule mwenye hofu ndiye aamue ifike wapi, na neno "basi" liheshimiwe mara moja bila kununa. Hivyo ndivyo mwili hujifunza tena kwamba mkono huu haupigi.

5. Jueni vishawishi. Aliyezoea kukutana na mwenziwe akiwa amelewa au ametafuna mirungi, ubongo wake umefunga mafundo mambo hayo mawili. Hamu ya mapenzi ikija, hamu ya dawa huweza kuja nyuma yake. Badilisheni mazingira: hamisheni kitanda, chagueni saa nyingine, kama alfajiri mkiwa mmepumzika. Wala msitumie bia moja ya kuondoa aibu. Na hamu ya dawa ikimjia, amwambie mwenzi, watoke nje wapunge upepo. Mara nyingi hupungua wakiisubiri kidogo.

6. Tendo likianza, lisiwe mashindano. Likikatika njiani, endeleeni kukumbatiana, msiwashe taa kuanza mashauri. Mbegu zikitoka mapema, pumzikeni, zungumzeni, jaribuni siku nyingine. Mke asimlinganishe na alivyokuwa zamani akiwa na dawa, na mume asimwulize mke kila mara kama ameridhika.

7. Tunzeni mwili. Usingizi wa kutosha, chakula chenye maharage, mayai, mboga za majani na matunda, kazi ya mikono, na kuacha sigara. Vitu hivi havina matangazo kwenye mnada, lakini ndivyo vinavyorudisha damu na homoni mahali pake.

KAMA MKE NDIYE ALIYEACHA

Wanawake nao hutumia, ila hufichwa zaidi na kutukanwa zaidi. Wengine wakiwa mijini walilazimika kuuza miili yao wapate dawa, na wengine walibakwa. Mume wa mama kama huyo asidai kusimuliwa kila jambo. Anachostahili kujua kwa haki ni majibu ya vipimo. Mengine mke atayasema akiwa tayari, au atamweleza mshauri hospitalini.

Mwanamke aliyeacha huweza kupata ukavu na maumivu wakati wa tendo. Asivumilie kimya, bali aje tumchunguze, kwa kuwa huenda pia kuna uambukizo wa njia ya uzazi. Na jambo ambalo wengi hawalijui: hedhi iliyokoma kwa sababu ya heroini si uzazi wa mpango. Yai hutoka kabla hedhi ya kwanza haijaonekana, na mama huweza kupata mimba akidhani hawezi. Wanandoa walizungumze hilo mapema na muuguzi. Na mama mjamzito ambaye bado anatumia heroini asiache ghafla kwa nguvu zake, kwani arosto huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Apelekwe haraka panapotolewa methadoni, ambayo ni salama zaidi kwake na kwa mtoto.

AKITELEZA

Kurudia hutokea, nasi hatuwezi kuahidi kwamba hakutatokea. Lakini aliyeacha heroini ajue hatari moja inayoua. Baada ya wiki chache bila dawa, mwili husahau uzoefu wake. Kipimo alichokuwa akikitumia zamani bila shida sasa huweza kumzuia kupumua. Ndiyo maana ugomvi mmoja wa chumbani, mtu akatoka na hasira usiku, huweza kuishia kwenye msiba. Ukimkuta mtu amelala haamshiki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, mlaze kwa ubavu, mpulizie pumzi kama ameacha kupumua na unajua namna ya kufanya hivyo, na mkimbize hospitali. Usifiche alichotumia. Ipo dawa iitwayo naloxoni ambayo huweza kumrudisha.

Aliyeteleza na kusema mwenyewe asubuhi yake apokewe. Aliyeteleza akaficha, mwenzi ana haki ya kusimamisha unyumba tena na kuomba vipimo upya.

NJOONI HOSPITALI LINI?

Njooni mara moja kama kuna kidonda, usaha, uchafu usio wa kawaida au maumivu sehemu za siri. Kama uume umesimama zaidi ya saa nne bila kulegea. Kama aliyeacha anasema maisha hayana maana au anafikiri kujiua. Njooni pia kama miezi mitatu imepita tangu aache kabisa na hakuna badiliko lolote. Mwambieni daktari kama mume husimama alfajiri anapoamka. Akisimama alfajiri na kushindwa usiku, mara nyingi mishipa ni mizima na tatizo ni hofu, ambayo hutibiwa kwa ushauri. Asiposimama hata alfajiri, tunapima sukari, shinikizo la damu, ini na homoni.

Zipo pia nyumba za upataji nafuu, hasa Zanzibar, Dar es Salaam na miji mingine, ambako walioacha husaidiana. Anayetoka huko asirudishwe kitandani kama mtu anayerudishwa kazini kesho yake. Apewe nafasi ya kuwa mgeni kidogo nyumbani kwake, mpaka mwenye nyumba amzoee tena.

Ndugu wasomaji, majirani na wakwe wana sehemu yao pia. Msiulize, "Mbona hamjapata mtoto mwingine?" Msimtanie aliyeacha mbele ya watu kwamba hanywi tena kwa sababu ameshindwa na mkewe. Maneno ya kilabuni yamewarudisha wengi kilabuni.

Wenye maswali wasione haya kuja kutuona. Chumba kina mlango, na mlango unafungwa. Wakija wawili tutafurahi zaidi, lakini hata akija mmoja tutaanza na huyo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia sonona kwa akina mama baada ya kujifungua. Tuendelee kuombeana.